SOMO: Namba za N'Ko kwenye kompyuta, usizigeuze!

Wadau mambo. Leo tunacheza na namba za N'Ko, yale maandishi aliyoyabuni Solomana Kanté mwaka 1949 kwa ajili ya lugha za Kimande, kule Guinea, Mali na majirani zao.

Hatua ya 1. N'Ko ina tarakimu zake kumi, Unicode (ile orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta) ilizipa nafasi mwaka 2006, sifuri ni U+07C0 na tisa ni U+07C9. Zimefuatana so hesabu ni nyepesi, 07C0 kwa namba zetu za kawaida ni 1984, we jumlisha tarakimu yako basi. Kwenye Python, ile lugha ya programu, chr(1984+7) inakutolea ߇, ndo saba hiyo.

Hatua ya 2. Ukiona vijisanduku vitupu usianze kulaumu programu uliyoandika, ni fonti. Weka Noto Sans NKo.

Hatua ya 3, hapa ndo tunapoumia. Waliopita madrasa mnajua Kiarabu kinaanzia kulia ila namba zake zinakaa kama zetu, kubwa kushoto. N'Ko hapana, namba nayo inaanzia kulia kama maneno. Sasa mimi na ujanja wangu nikaandika kiprogramu cha kuzigeuza eti zikae sawa, mwaka 1949 ukasomeka 9491, na kalenda nishaituma kwa mwenyewe 😅. Usigeuze kitu. Andika ߁ kisha ߉ kisha ߄ kisha ߉, vile vile unavyotamka, kuzipanga kuanzia kulia ni kazi ya kompyuta, kila tarakimu imeshawekewa huo mwelekeo ndani ya Unicode.

MASWALI

Mkuu, kwenye database nihifadhi hizi au 0-9?
– Kama ni bei au umri hifadhi 0-9, badilisha wakati wa kuonyesha tu. JavaScript inayo tayari, kwenye Intl.NumberFormat weka 'en-u-nu-nkoo'.

int() ya Python, ile ya kugeuza maandishi kuwa namba, inazielewa?
– Inazielewa fresh, inakurudishia 1949. Ila \d ya JavaScript, ile alama ya kutafuta tarakimu, haizioni kabisa, yenyewe inajua 0 mpaka 9 tu, kwa hiyo fomu yako itakataa namba ya mtu bila kosa.

Na Adlam, maandishi ya Wafulani, je?
– Mwelekeo ule ule, ila inaanzia U+1E950 na kila tarakimu inakula baiti 4 za UTF-8 (njia ya kuhifadhi herufi za Unicode), N'Ko inakula 2.

Na Kikakui, maandishi ya Wamende?
– Duh, ile haina hata sifuri, na makumi na mamia yana alama zake za kubandika chini ya tarakimu. Nipe wikiendi.