Huyu Katokea Wapi? Jinsi ya Kuchagua Ng'ombe wa Nyama Minada ya Lindi

Nina bucha Masasi, na ng'ombe wangu wengi nawafuata minada ya mkoa wa Lindi, hasa upande wa Kilwa na Liwale. Kabla sijaangalia meno wala kuuliza bei, namuuliza muuzaji: huyu katokea wapi? Madalali wameshanizoea, wengine wananicheka: "Mama, unanunua nyama au unatafuta ukoo?" Natafuta ukoo. Ukoo ndio unaoniambia nitapata kilo ngapi kwenye ndoano, na kama mnyama atafika Masasi akiwa mzima.

Sisi wa huku ni watu wa mihogo, mbaazi na mikorosho. Mbung'o wa mapori haya hawakuwaacha wazee wetu wafuge ng'ombe kwa wingi. Mifugo mingi ilishuka kusini kuanzia 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji Usangu na Ihefu, kule Mbeya, na wengi wakaelekezwa Lindi. Wakaja Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai, kila mmoja na ng'ombe wa kwao. Kwa hiyo ndani ya zizi moja la mnada utakuta asili za mikoa kadhaa zimesimama bega kwa bega, na dalali atakutajia bei kana kwamba wote ni wamoja.

Wengi utakaowaona ni zebu wa Tanzania wa pembe fupi, wale tunaowaita wa kienyeji. Aliyekomaa huwa na kilo kama 200 hadi 350 akiwa hai. Ni nafasi pana hiyo, na faida yako au hasara yako imo humo katikati.

Anza na wa Kisukuma, kwa sababu ndio utakaowakuta zaidi. Asili yao ni Shinyanga, Mwanza, Simiyu na kanda ile yote. Usihangaike na rangi, wana kila rangi. Ninachotafuta kwao ni maksai. Msukuma analima kwa plau, kwa hiyo huhasi madume yake na kuyatunza miaka mingi, na maksai aliyepumzishwa kazi hubeba mwili ambao fahali wa umri wake hana: mapaja yamejaa, mgongo umefunikwa, mafuta yapo. Ila angalia shingo. Ukiona alama ya nira, ngozi imekuwa ngumu na manyoya yamenyonyoka, huyo kalima sana na nyama yake itadai moto wa muda mrefu. Kwa wenye supu na wapishi wa pilau la shughuli, hana ubaya. Kwa mteja wa mishikaki, atakurudishia nyama yako kesho yake. Na ukitaka Msukuma akupe bei ya kweli, usimwanze kwa hela. Mwambie "mwangaluka" kama ni asubuhi, ulizia mvua za kwao na watoto, ndipo mzungumze ng'ombe.

Wa Kimasai wana miguu mirefu zaidi, na wengi wamechanganyika zamani na Borana, ng'ombe wakubwa nitakaowaeleza chini, ndiyo maana mwili ni mkubwa na nundu imesimama. Wanatembea vizuri na kwenye lori hawachoki upesi. Lakini urefu unadanganya macho: simama nyuma ya mnyama, usisimame ubavuni. Ubavuni kila ng'ombe mrefu anaonekana ana nyama. Nyuma ndiko unakoona kama mapaja yamekutana au kuna mwanya unaopitisha mkono.

Wa Kigogo kutoka Dodoma ni wadogo, wagumu wa njaa. Wakati wa kiangazi kikali, wenzao wameshakuwa mbavu tupu, Mgogo bado ana kitu. Mimi humnunua mwezi Oktoba bila wasiwasi, kwa bei ya udogo wake. Singida wapo weupe na wapo wa rangi ya kahawia iliyofifia, ambao wataalamu wanawaita wa Mkalama. Iringa wapo wekundu. Hao huku kwetu ni wa kubahatisha.

Kuna wale wanaosimamisha mnada wakiingia. Borana halisi, mara nyingi wa asili ya ranchi za taifa kama Kongwa, ana nundu kubwa, ngozi inayoning'inia chini ya shingo na mgongo mpana, na fahali wake hupita kilo 500. Mpwapwa ni ng'ombe aliyetengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha Mpwapwa kwa kuchanganya Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wa asili ya Bara Hindi, na zebu wetu na damu nyingine. Ni mzuri, na ni adimu. Ankole wa Kagera ukimwona kusini basi kapotea njia. Pembe zake zina urefu wa mkono wa mtu mzima na watu humlipia pembe. Pembe haziuzwi buchani.

Wa kumwogopa ni dume chotara wa maziwa, mweusi na mweupe, hana nundu. Anaonekana mkubwa, kumbe ni mifupa. Bei yake shusha chini ya wa kienyeji wa kimo kilekile. Na usisahau kwamba nundu yenyewe ina wateja wake. Ng'ombe asiye nayo amekunyima kipande kinachoisha mapema asubuhi.

Sasa, muuzaji akisema "huyu ni Masai" usimeze tu. Wamekaa Lindi karibu miaka ishirini, mafahali wameazimana, ukoo umechanganyika. Swali la asili linakupa pa kuanzia, mikono ndiyo inayomaliza kazi.

Fungua mdomo, meno ya mbele ya chini (juu ng'ombe hana meno ya mbele). Mawili makubwa, ana kama miaka miwili. Manne, kama mitatu. Akijaza yote manane, minne au mitano. Kwa bucha napenda wa manne hadi sita. Kwa Idd el Hajj, anayetaka kuchinja ng'ombe wa udhiya anahitaji aliyetimiza miaka miwili, asiye kipofu, kilema, mgonjwa wala aliyekonda mno, kwa hiyo meno hayo ndiyo ushahidi wako mbele ya mteja. Kisha bonyeza kwa kidole gumba pande mbili za shina la mkia na juu ya mbavu za mwisho. Ukisikia kitu laini, kuna mafuta. Ukigusa mfupa moja kwa moja, umeshajua.

Mizani ikiwepo, mpandishe. Isipokuwepo, mfukoni weka futi ya fundi cherehani. Pima kifua kwa kuzungusha nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Kifua 150 na urefu 125 unapata kama kilo 259. Mwenye mwili atakupa nusu yake kwenye ndoano, kilo 130 hivi pamoja na mifupa. Aliyekonda mhesabie 45 kwa mia, kilo 117. Hizo kilo 13 za katikati ndizo za kuzungumzia bei. Si kipimo cha mahakamani, lakini kinanyamazisha dalali anayeapa kwa jina la mama yake kwamba kuna kilo 200 za nyama.

Ugumu wa huku kwetu ni kwamba mafuta na hela haviji mwezi mmoja. Ng'ombe wananenepa baada ya mvua, Mei hadi Julai. Hela za korosho zinaingia kuanzia Oktoba, wakati majani yamekauka na ng'ombe wamechoka, na ndipo kila mtu anataka nyama na harusi. Mwenye pa kuwaweka anunue Julai, awahifadhi kwa pumba na mashudu. Asiye na pa kuwaweka akubali ng'ombe mwembamba kwa bei ya mnene, au amtafute Mgogo wangu yule. Masika yenyewe pia yana mambo yake: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Somanga, mwenye ng'ombe ng'ambo hakuwa na namna.

Afya usiiache kwa muuzaji. Zebu yeyote, wa mkoa wowote, hana kinga ya kuzaliwa dhidi ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na aliyeletwa karibuni kutoka kusikokuwa na mbung'o ndiye anayeanguka kwanza. Manyoya yamesimama, anabaki nyuma ya wenzake, ukivuta kope ndani ni peupe: mwache. Tezi iliyovimba chini ya sikio na pumzi ya shida ni dalili za ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mwache pia. Uliza kama amechomwa dawa na lini, kwa sababu nyama ya aliyechomwa hailiwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Jike mwenye mimba asiingie kwenye hesabu zako za bucha, hata wakikupa kwa bei ya kutupa. Mwite afisa mifugo ampapase kama una shaka.

Karatasi zifanyike palepale, mbele ya watendaji wa mnada: stakabadhi ya mauzo, na kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo. Soma chapa ya pajani au hereni ya sikioni, ilingane na iliyoandikwa. Muuzaji akikuambia "dada, kibali utapata njiani," funga kamba yako uende kwa mwingine. Ng'ombe wa wizi hana bei nafuu.

Wakifika, usichinje siku hiyohiyo. Ng'ombe hupungua kilo kwenye safari, na aliyehangaishwa nyama yake hutoka nyeusi, kavu, inayonatanata, ambayo mama wa Kimakua ataigeuza mara mbili na kukuuliza huyu alikufa au alichinjwa. Wape maji kwanza, majani, na kivuli usiku mzima. Maksai waliozoea kufungwa pamoja nawaacha pamoja. Fahali wa Kimasai namfunga peke yake, mbali na majike, la sivyo hakuna atakayelala, na majirani watakuja kubisha hodi saa nane.