Namna ya Kuomba Ridhaa ya Mgonjwa Wodini

Muuguzi anayempelekea mgonjwa fomu ya upasuaji na ajue kwamba hakutumwa kutafuta sahihi tu. Maadili ya uuguzi yalichelewa kumtanguliza mgonjwa. Kiapo kilichopewa jina la Florence Nightingale, kilichoandaliwa Detroit mwaka 1893, kilisisitiza uaminifu kwa daktari, na hata kanuni za Baraza la Kimataifa la Wauguzi za 1953 zilimtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa utiifu. Ni kanuni za 1973 zilizotamka kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa wanaohitaji huduma yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imesitisha utafiti wa Tuskegee, ambamo kwa miaka 40 wanaume Weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli wala kutibiwa ipasavyo, huku muuguzi waliyemwamini akiwa ndiye kiungo chao na watafiti. Kwangu, hakuna mfano unaomhusu muuguzi kuliko huo, kwa sababu upole wake haukuwakinga.

Anza na lugha. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Basi mama aliyeletwa Kisumu kutoka Seme, asiyezungumza ila Dholuo, asisomewe fomu ya Kiingereza. Mtafute muuguzi mwenzako anayeijua lugha hiyo badala ya kumtegemea mwanawe au mumewe, kwa kuwa jamaa huficha habari nzito kwa huruma, na maswali ya uzazi au ya virusi vya Ukimwi hayajibiki mbele yao. Vuta pazia, keti, ushushe sauti.

Mweleze ugonjwa, kitakachofanywa, hatari zake, njia nyingine zilizopo, na yatakayofuata asipokubali. Kisha muulize: “Mama, ukirudi nyumbani utawaelezaje haya?” Jibu lake litakuonyesha palipobaki giza. Swali likikuzidi, mwite daktari atakayempasua, hata kama thieta inasubiri.

Akikataa, andika kwenye faili uliyomweleza na sababu alizotoa, umjulishe daktari, na uendelee kumpa dawa za maumivu na matunzo yaleyale. Akitaka kushauriana na nyumbani kwanza, na hali yake inaruhusu, mpe muda huo. Dharura ina utaratibu wake: pale ambapo kuchelewa kunaweza kumuua au kumdhuru daima, sheria inaruhusu atibiwe bila ridhaa, mradi hakuwa amekataa, kwa maneno au kwa vitendo.