Mvi za kwanza zimetokea? Pitia haya kabla hujagusa rangi

Mvi zangu za kwanza nilizijulia saluni. Msusi alikua ananigawa nywele anisuke twisti, akasimama kidogo akasema dada, hapa mbele ziko tano sita, nikupake kanta? Na mimi bila kuuliza chochote nikamwambia paka tu. Kesho yake nyuma ya masikio pamevimba, kichwa kinawasha silali, nikaishia dispensari kupewa dawa ya aleji. Kwaiyo wewe ambaye umeziona wiki hii na kesho unataka kukimbilia Kariakoo kununua rangi, naomba utulie kwanza, hazikimbii.

Anza kwa kuangalia ziko ngapi na ziko wapi. Simama dirishani na kioo, gawa nywele, angalia kingo za mbele, pembeni karibu na masikio na utosini. Kama ni chache zimekaa sehemu moja, hauna sababu ya kupaka kichwa kizima, na hapa ndo wengi tunakosea, tunaanza na rangi ya kudumu kichwa chote kwa ajili ya nywele kumi alafu tunabaki watumwa wa ile rangi miaka na miaka. Na usizing'oe. Ile ya kwamba uking'oa moja zinakuja kumi sio kweli, mvi inakuja kwasababu seli zinazotengeneza rangi kwenye lile tundu la unywele zimeacha kazi, matundu ya jirani hayahusiki, ila ukiwa unang'oa kila siku tundu linaumia na mwisho hapaoti kitu kabisa, na kingo zetu za mbele misuko imeshazichosha vya kutosha.

Muulize mama au mashangazi wao zilianza wakiwa na umri gani, mara nyingi ni mambo ya ukoo. Lakini kama hujafika 30 na zinakuja kwa kasi, nenda kapime damu, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kuleta mvi mapema, na sigara nayo imo.

Sasa swali ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote: uko tayari kurudia kila baada ya wiki ngapi? Jibu ukweli, sio unavyotamani. Nywele zinakua karibu sentimita 1 kwa mwezi, wengine pungufu ya hapo, kwaiyo ukipaka nyeusi tii ya kudumu na nywele zako ni za dawa, zimelala, baada ya mwezi kile kimstari cheupe kwenye mgawanyo kinaonekana na mtu aliyekaa siti ya nyuma kwenye daladala. Nachuro zinajikunja, zinaficha muda mrefu kidogo. Kama hutaki kazi ya kila mwezi, chukua rangi isiyo ya kudumu, ile isiyochanganywa na developa (ile krimu au maji ya peroksaidi ya kuchanganyia rangi), inashika juu ya unywele tu na inafifia taratibu kila ukiosha, haikati mstari. Haitaziba mvi zote mia kwa mia, zitabaki zimepauka kidogo kuliko nyingine, na kwa macho yangu inapendeza kuliko weusi wa kiwi. Afu usichague nyeusi, chagua kahawia iliyokolea, mvi mpya zikitoka hazipigi kelele.

Na kuna njia zisizohitaji rangi kabisa. Hamisha mgawanyo kutoka kati kwenda pembeni, suka misuko inayolala kuelekea pale zilipo, funga kilemba kipana kidogo. Kuna pia vile vijiti vya kupaka kama maskara na poda za kugusia mizizi, unapaka asubuhi unaosha jioni, kwa mtu wa ofisini anatosheka nazo miaka. Ila kumbuka uko Dar. Kuanzia Desemba mpaka Machi jasho halina adabu, umesimama kwenye mwendokasi saa moja asubuhi vitu vinashuka shingoni mpaka kwenye kola nyeupe, kwaiyo zijaribu kwanza siku ambayo huna pa kwenda, vaa nguo ya zamani ufue ufagie utoke jasho uone.

Hina nayo ina heshima yake huku pwani, wazee wetu wanapaka mpaka ndevu. Jua tu kwamba hina halisi kwenye mvi inatoa rangi ya chungwa mpaka wekundu, haitoi nyeusi. Ukiuziwa "hina nyeusi", na inashika haraka haraka, humo mara nyingi kuna PPD, kemikali ileile iliyopo kwenye rangi nyingi nyeusi na kwenye piko nyingi. Kama uliwahi kuwashwa au kutoka malengelenge ukichorwa piko harusini, usipake rangi ya namna hiyo kichwani hata kama ni miaka kumi imepita, mwili hausahau na mara ya pili inaweza kuja kali zaidi. Mwambie kila msusi.

Ndo maana kipimo cha aleji hakirukwi. Paka tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, fuata maelezo ya pakiti, subiri saa 48. Ikiwasha, ikivimba, hiyo pakiti achana nayo. Na usiguse nyusi wala kope na rangi ya nywele, macho hayana spea.

Kama unaweka dawa ya kulaza nywele, anza na hiyo dawa, subiri kama wiki mbili, ndo rangi. Kama umefumua misuko leo na ngozi ina vidonda, acha ipone.

Siku yenyewe jaza ndoo mbili za maji kabla hujafungua pakiti, maana maji yakikatika rangi iko kichwani ni balaa, huwezi kuiongezea muda inaunguza. Mafuta ya mgando kwenye paji na masikio, glavu, kanga ya zamani mabegani, bakuli la plastiki sio la chuma. Anza pale penye mvi kwasababu ndo zinagoma kushika, weka alam ya simu. Ulichochanganya kikibaki mwaga, usikifungie kwenye chupa, kinaweza kupasuka.

Ukienda kuogelea Kigamboni lowesha nywele kwanza kwa maji safi na upake kondishena, chumvi inaondoka na rangi.

Na kama ni kwa ajili ya sendoff au harusi, paka wiki moja kabla, sio asubuhi ya shughuli. Ikikolea sana una muda wa kuiosha mara mbili tatu ishuke, na yale madoa ya shingoni yatakua yameshatoka.