Jina Lako Kwenye Sanduku la Barua: Mwongozo kwa Mwanamke Aliyehamia Ujerumani

Katika majengo mengi ya ghorofa ya Ujerumani, nyumba za ndani hazina namba. Mlangoni kuna safu ya kengele, kando yake kuna safu ya masanduku ya barua, na kila kengele na kila sanduku lina jina la ukoo la anayeishi humo. Tarishi wa posta hapandi ngazi kuuliza. Husoma jina lililo kwenye bahasha, hulitafuta kwenye masanduku, na asipoliona huirudisha barua ilikotoka. Nilipofika Bremen kumfuata mume wangu, sanduku letu lilikuwa na jina lake peke yake, nami, kama wanawake wengi wa Tanga na pwani nzima, sikubadili jina nilipoolewa. Niliendelea kuitwa kwa jina la baba yangu na la babu yangu. Barua ya kunipangia siku ya kuchukua kibali changu cha ukaaji ilirudi mara mbili. Nilikaa miezi nikiamini kwamba nimesahauliwa, mpaka bibi mmoja wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akinipita kimya kila asubuhi, alipokigusa kwa kidole kile kibandiko cha jina la mume wangu na kuniuliza: "Na wewe uko wapi?"

Kwa hiyo, dada, kabla hujafungua sanduku la nguo, andika jina lako kwenye karatasi, likate vizuri, ulibandike kwa selotepu kwenye kengele na kwenye sanduku la barua, hata kama mwenye nyumba ataleta kibao rasmi baadaye. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Ikiwa kwa muda unaishi kwa ndugu au rafiki, waambie wote watakaokuandikia waweke chini ya jina lako neno "bei", likifuatiwa na jina la mwenyeji, maana hilo humjulisha tarishi kwamba uko kwa fulani.

Majina yetu matatu yana kazi yake. Mjerumani hutaka jina la mtu na jina la ukoo basi, na lile lililoandikwa mahali pa jina la ukoo kwenye pasipoti yako ndilo watakalokuita, ambalo kwa wengi wetu ni jina la babu. Siku ya kwanza kwa daktari nilikaa zaidi ya saa nzima kwenye chumba cha kusubiri huku muuguzi akija mlangoni na kumwita "Frau Mbaruku", nami nikitazama huku na huku kumtafuta huyo bibi Mbaruku ni nani. Babu yangu alikuwa mvuvi, hakuwahi kuitwa bibi na mtu yeyote. Jizoeze kulisikia jina hilo, na kila fomu utakayoijaza lipangilie vilevile, kwa sababu ukiandika jina la baba hapa na la babu pale, kwao mmekuwa watu wawili.

Hatua inayofuata ni kujiandikisha makazi, jambo linaloitwa Anmeldung, ambalo sheria inataka lifanyike ndani ya wiki 2 tangu kuhamia. Unaweka miadi katika ofisi ya mji inayoandikisha wakazi, unakwenda na pasipoti, cheti cha ndoa pamoja na tafsiri yake iliyofanywa na mfasiri aliyeapishwa, na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Nenda mwenyewe hata kama lugha bado nzito. Mume akusindikize, asikuwakilishe. Katika fomu utaulizwa dini, na hapo wengi hujibu haraka bila kujua kinachofuata: aliyebatizwa Mkatoliki au Mlutheri na akasema hivyo atakatwa kodi ya kanisa atakapoanza kupata mshahara unaotozwa kodi, yaani asilimia 8 ya kodi yake ya mapato katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Misikiti haina makato ya namna hiyo. Sikushauri kusema uongo, ila ujue unachokisema kinakwenda wapi.

Baada ya wiki chache barua zitaanza kuingia, na moja itakuwa na namba yako ya kodi yenye tarakimu 11. Namba hiyo ni yako mpaka kufa, haibadiliki ukihama wala ukiachika, na mwajiri yeyote ataitaka. Nunua faili kubwa lenye pete mbili za chuma, utoboe kila barua na kuiweka humo kwa tarehe. Nililicheka faili hilo nilipoliona katika nyumba za Wajerumani, limepangwa rafuni kama vitabu vya chuoni, na leo ninayo manne. Barua nyingine itakayokushtua ni ya mchango wa redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, ambayo huandikwa kwa sauti ya mdai. Mchango huo hulipwa mara moja kwa nyumba nzima, si kwa kila kichwa, hivyo kama mumeo tayari analipa, jibu kwa kuandika namba yake ya mchango, wala usiitupe barua kwa sababu tu huna televisheni.

Kuna karatasi ambazo mume mwema atakuambia usihangaike nazo kwa kuwa yeye anazishughulikia. Mshukuru, kisha zishughulikie. Ikiwa yeye ana bima ya afya ya umma nawe huna kipato, unaingia katika bima yake bila malipo ya ziada, lakini kadi ni yako, ina picha yako, na inakaa katika mkoba wako. Akaunti ya benki iwe kwa jina lako. Tangu mwaka 2016 benki za Ujerumani zinazohudumia wateja wa kawaida zinawajibika kumfungulia akaunti ya msingi kila mtu anayeishi Umoja wa Ulaya kihalali, hivyo jibu la "mumeo anayo tayari" halitoshi kukunyima. Jina lako liwemo pia katika mkataba wa pango ikiwezekana. Pasipoti usimpe mtu akutunzie.

Katika mambo ya kodi kuna jambo ambalo wanawake wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Wanandoa wanaoishi pamoja huanza wote wawili katika daraja la 4 la kodi ya mshahara (daraja ndilo huamua mshahara wa kila mwezi ukatwe kiasi gani), lakini wengi hushauriwa mume mwenye mshahara mkubwa aingie daraja la 3 na mke daraja la 5, ili mkononi mwa mume ziingie fedha nyingi zaidi kila mwezi. Daraja la 5 hukata mshahara wa mke vibaya sana, na hasara haiishii hapo, kwa kuwa malipo kama ya ukosefu wa kazi na posho ya mzazi, yaani fedha za mzazi anayeacha kazi kwa muda ili kulea mtoto mchanga, hukokotolewa kutokana na kile kinachobaki baada ya makato. Posho ya mzazi kwa kawaida ni kama asilimia 65 ya kipato hicho, isiyopungua yuro 300 wala kuzidi 1,800 kwa mwezi, kwa hiyo mshahara ulioliwa na daraja la 5 utakufuata mpaka kitandani kwa mtoto. Tangu 2018 mmoja wa wanandoa anaweza kuomba peke yake kurudishwa daraja la 4, bila saini ya mwenzake. Wakati wa kulizungumza hilo ni kabla ya mimba, mkiwa mmekaa kwa amani na chai mezani.

Kibali cha ukaaji cha aliyemfuata mwenza kinakuruhusu kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Kwa kawaida baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja Ujerumani katika ndoa, unaweza kupata haki ya kubaki hata ndoa ikivunjika, na sheria inaruhusu muda huo kupunguzwa panapokuwa na dhiki kubwa, ikiwamo kupigwa na kunyanyaswa nyumbani. Usikubali kuambiwa na mtu kwamba ukifungua mdomo utarudishwa kwenu kesho. Namba 116 016 ni ya msaada kwa wanawake wanaofanyiwa ukatili. Hupokelewa usiku na mchana, haina gharama, wala hawakulazimishi kutaja jina. Ihifadhi kwenye simu hata kama mumeo ni mpole kama maji ya mtungini, kwani kuna siku utamwazima mwenzako.

Lugha utaisomea katika kozi ya utangamano, yenye saa 600 za Kijerumani na saa 100 za kujifunza historia, sheria na desturi za nchi. Mwisho kuna mtihani wa lugha, na mwingine wa maswali 33 ya kuchagua jibu ambao hufaulu kwa kupata 15. Omba barua ya kuruhusiwa kozi mapema, maana ukishapata mtoto utasoma kwa jicho moja. Nilichojifunza humo kuliko sarufi ni kwamba darasa zima, Msiria, Mvietnamu na Mghana, lilikuwa na malalamiko yaleyale kuhusu majirani.

Na majirani wana mantiki yao. Kwetu mgeni akihamia, wenyeji ndio huja kumjulia hali, pengine na sahani iliyofunikwa. Ujerumani aliyehamia ndiye hugonga milango, akasema jina lake na ghorofa yake, basi. Nilikaa mwaka mzima nikiwangoja waje, na wao, nilivyokuja kujua, walikuwa wakiningoja mimi. Ukisema jina lako siku ya kwanza, watapokea vifurushi vyako usipokuwapo na watakuachia kikaratasi mlangoni. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Jumapili kutwa, ni muda wa utulivu, hivyo kinu na mchi vingoje Jumatatu. Mimi niliwahi kutwanga vitunguu saumu Jumapili adhuhuri, na mtu wa chini akapanda akiwa amevaa ndala na uso wa msiba, akidhani tunabomoa ukuta. Madirisha yafungue wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara kadhaa kwa siku, hata theluji ikianguka, kisha uyafunge. Mvuke wa wali na pilau ukibaki ndani huota ukungu kutani na mwenye nyumba atakudai wewe.

Kuhusu chakula sina mengi, kwa kuwa unga mweupe wa sembe, mihogo na ndizi za kupika utavipata katika maduka ya Waafrika na ya Waasia kwenye miji mikubwa. Kitu kimoja tu hukisikii mpaka ukione. Baridi ikianza, masoko ya kaskazini hujaa mboga ya kijani yenye majani yaliyojikunja, iitwayo Grünkohl, nao huichemsha kwa saa nyingi pamoja na soseji za nguruwe mpaka inakuwa rangi ya matope. Ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Itenge na uti wake mgumu, ikate nyembamba, ikaange kwa kitunguu na nyanya dakika chache ingali kijani, na ugali utashuka kama uko nyumbani.

Ukipata mimba, jambo la kwanza baada ya daktari ni kumtafuta mkunga wako mwenyewe, na umtafute katika wiki zilezile za mwanzo, kwa sababu ni wachache na shajara zao hujaa upesi. Bima ya umma humlipa. Baada ya kuzaa huja nyumbani, katika siku 10 za mwanzo hata kila siku, na ziara zake zinaweza kuendelea mpaka mtoto atimize wiki 12. Nilijifungua nikiwa na huzuni ya kukosa mama na shangazi, nikijua hapa hakuna atakayenikanda kwa maji ya moto wala kunipikia uji wa pilipili manga. Mkunga alipoingia alinikuta jikoni nasuuza vikombe. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akampa mume wangu, akanionyesha kitanda. Wajerumani, kumbe, nao wana arobaini yao. Wiki za mzazi baada ya kujifungua huziita "kitanda cha wiki", na yule mama alinieleza sharti lake la zamani: wiki moja ndani ya kitanda, wiki moja juu ya kitanda, wiki moja kando ya kitanda. Nilimwambia kwamba kwa bibi yangu hesabu ilikuwa ndefu zaidi. Akasema bibi yangu alikuwa na akili.

Mtoto naye ataandikishwa na kupewa cheti cha kuzaliwa, na hapo mtaulizwa achukue jina la ukoo la nani kati yenu, swali ambalo ni heri mlimalize mkiwa bado na miezi. Omba nakala za ziada, maana posho ya mtoto na posho ya mzazi kila moja ina fomu zake. Kisha, wiki chache baadaye, itaingia barua ya kiserikali iliyoandikwa jina la mtoto mwenyewe, yule asiyeweza hata kushika shingo, ikimpa namba yake ya kodi ya tarakimu 11. Wa kwangu ana jina la ukoo wa baba yake, kwa hiyo ilifika bila shida. Kama wako atachukua jina tofauti na mliyonayo mlangoni, ongeza kibandiko cha tatu.