Somo la OS: tuione skejula ikigawa CPU kwa macho yetu

Habari wakuu. Wengi tunasoma OS (mfumo endeshi wa kompyuta) kama historia, unakariri "prosesi ni programu inayorani", unaimwaga kwenye test unapata maksi zako mbili basi, ila ukiambiwa nioneshe hiyo prosesi unabaki unatoa macho. Leo tuishike mkononi, tuione na skejula, yaani sehemu ya OS inayogawa zamu za CPU. Unahitaji Linux yoyote, mi natumia Ubuntu, wa Windows wekeni WSL (inakupa Linux ndani ya Windows).

HATUA YA 1. Fungua terminali andika:
sleep 900 &
Hiyo & inaipeleka nyuma ili ubaki na terminali yako. Itakujibu kitu kama [1] 4127. Hiyo 4127 ndo PID (namba ya utambulisho ya prosesi), na yako itakuwa nyingine kwahiyo usije ukakopi yangu.

HATUA YA 2.
ps -o pid,ppid,stat,comm
Cheki STAT, sleep ina S, yaani imelala, haili CPU, inasubiri muda wake ufike. PPID ni namba ya mzazi, hapo mzazi ni bash yako, yaani programu inayopokea komandi zako kwenye terminali. Kila prosesi ina mzazi wake, ukipanda hivyo hivyo unaishia PID 1, kwenye Ubuntu ni systemd.

HATUA YA 3. Piga kill -STOP 4127 (weka PID yako) halafu ile ps tena, S imegeuka T, imegandishwa. Piga kill -CONT 4127 inarudi S. Hili jina kill linadanganya watu sana, kazi yake ni kutuma signo (ujumbe mfupi kwa prosesi), kuua ni signo mojawapo tu.

HATUA YA 4, hapa ndo penyewe. Andika hii mara mbili:
taskset -c 0 yes > /dev/null &
yes kazi yake ni kuandika y, y, y bila kuchoka, /dev/null ni shimo tunamozimwaga, na taskset -c 0 inazibana zote mbili kwenye koa moja (kiini kimoja cha CPU). Fungua top, inaonesha kila prosesi inakula CPU kiasi gani (kutoka ni q). Kila yes inakula kama 50%. Hamna aliyeziambia zigawane! Ni kama nyumba ya kupanga yenye bafu moja na mama mwenye nyumba mkali (huyo ndo skejula), anakutoa na povu mwilini anaingia mwenzio, zamu yako ikirudi unakuta sabuni ilipokuwa na maji kiwango kile kile, unaendelea kana kwamba hukutoka. Huko kutunza sabuni na maji ndo kuseivu rejista (vihifadhi vidogo ndani ya CPU vinavyoshika kazi ya prosesi ilipofikia), na zamu zenyewe ni za milisekunde chache ndo maana wewe unaona zote zinaenda pamoja.

Sasa chukua PID ya yes moja:
renice -n 19 -p PID
Rudi kwenye top, mwenzie amepanda 98% hivi na huyo uliyempa 19 kabaki na moja na pointi. Hiyo 19 ni nice, namba ya kipaumbele cha prosesi, inaanzia -20 mpaka 19, na namba kubwa ni UPOLE sio ukubwa. Kerneli (kiini cha OS) inampa wa nice 0 uzito 1024, wa 19 uzito 15, piga hesabu mwenyewe. Mimi niliandika kwenye UE (mtihani wa mwisho chuoni) kwamba 19 ndo kipaumbele cha juu, kwa ujasiri kabisa, na mchoro nikachora.

Ukimaliza killall yes, usiache feni inalia usiku kucha.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mbona zangu zote zinaonesha 100%, sio 50?
Jibu: Umeruka taskset. Mashine yako ina koa zaidi ya moja kwahiyo kila yes imepewa bafu lake. Andika nproc uone unazo ngapi.

Swali: Nimeigandisha sleep kwa STOP, nikapiga kill na PID yake, haifi. Imekuwa zombi?
Jibu: Hapana, zombi ungeona Z. Kill tupu inatuma TERM (signo ya kuiambia prosesi ijifunge), na prosesi iliyogandishwa haiishughulikii mpaka iamshwe, signo inakaa foleni. Piga CONT itakufa hapo hapo. Au kill -9, hiyo haisubiri mtu.

Swali: Na zombi je, -9 inamuua?
Jibu: Keshakufa huyo, utamuua mara ngapi. Kimebaki kistari kwenye jedwali la prosesi kinachosubiri mzazi aite wait() achukue majibu. Mzazi asipoita, muue mzazi, zombi atarithiwa na PID 1 na yeye atamsafisha.

Swali: Sina laptop, simu inafaa?
Jibu: Weka Termux (app ya terminali kwa Android), hatua ya 1 mpaka 3 zinaenda vizuri tu. Ya 4 omba mashine ya mshikaji, dakika kumi zinatosha.