Somo: Kununua Seiko 6139 ya zamani bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wengi mmeniuliza muanzie wapi kukusanya kronografu za zamani, yaani saa za mkononi zenye mshale wa kupimia muda kama wa mwamuzi, zile za mashine tupu zisizojua betri. Jibu langu ni lilelile: anza na Seiko 6139. Ilitoka Japani Mei 1969, mwaka ambao kampuni ya saa ya Zenith, na kundi la kampuni za akina Heuer na Breitling, nao walitangaza kronografu zao za otomatiki, zinazojijaza zenyewe mkono ukitembea. Nani alitangulia? Watu wanabishana mpaka leo, mimi simo. Ninachoipendea ni kwamba ilitengenezwa kwa wingi karibu miaka kumi, kwa hiyo mtu wa mshahara akijinyima anaifikia.

Inayogombewa ni ya uso wa njano. Kanali William Pogue, mwanaanga wa Marekani, alipanda nayo Skylab, kituo cha angani cha Marekani, Novemba 1973 bila idhini rasmi ya NASA, akakaa huko siku 84. Habari ilipoenea, kila saa ya njano ikawa "Pogue", na nyuso zilizochapwa upya zikajaa sokoni.

Hatua ya 1: Soma mgongo

Geuza saa. Utaona namba kama 6139-6002 au 6139-6005: nne za kwanza ni mashine, nne za mwisho ni kasha. Kisha tafuta namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba ni O, Novemba N, Desemba D. Kwa hiyo 3N ni Novemba 1973. Ikianza na 9 je, ni 1969 au 1979? Hapo rudi usoni. Za mwanzo zimeandikwa WATER 70m PROOF, za baadaye RESIST. Ukikuta mgongo wa 1976 na uso wa PROOF, hiyo ni saa ya kuungaunga, hata muuzaji aape kwa marehemu babu yake.

Hatua ya 2: Kaa na uso

Hapa usiwe na haraka. Omba picha iliyopigwa juani na nyingine kivulini. Njano ya kiwandani inacheza: ukiinamisha saa, miale inatoka katikati kama ya jua na rangi inahama kutoka dhahabu kwenda haradali. Ya kuchapwa upya imelala tu, kama rangi ya daladala.

Kisha chukua lenzi ya fundi, tazama ukingo wa chini wa uso, pale chini ya saa ndogo ya dakika, kile kiduara cha kuhesabia dakika. Pana maandishi madogo mno, JAPAN na namba inayoanza na 6139. Yakiwa mazito au yametanda wino, weka saa chini.

Halafu linganisha rangi ya kung'aa gizani. Ile ya kwenye alama na ile ya kwenye akrabu zimezeeka pamoja miaka hamsini. Alama zikiwa na rangi ya chai ya maziwa na akrabu nyeupe pee, akrabu zimeingia juzi.

Hatua ya 3: Kasha

Juu ya kasha kuna mistari laini iliyochanwa kiwandani, na kingo zake zinakata jicho. Kasha lililopigwa polishi linafanana na sabuni iliyobaki kidogo bafuni. Nilipata yangu ya kwanza ikiwa na mikwaruzo, lakini kila kitu chake. Nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia "isafishe." Siku tatu baadaye akanikabidhi kwa tabasamu: inang'aa kama sufuria mpya, akrabu mpya, kingo zimeliwa. Akrabu za zamani? "Nimetupa, zilikuwa zimechakaa." Sikuweza hata kumgombeza, nilichomwambia ndicho alichofanya. Siku hizi naandika kwenye karatasi: mashine tu, kasha lisiguswe, kila kinachotolewa nirudishiwe.

Hatua ya 4: Jaribu

Kibonyezo cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha. Mshale mrefu urudi 12 sawasawa, usisimame pembeni. Uache uzunguke dakika mbili uone kama saa ndogo inahesabu. Kisha zungusha kitufe cha kurekebishia: pete ya ndani inapaswa kuzunguka. Nyingi hazizunguki, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mzee. Nimenunua, nazungusha kitufe ijae lakini haijai. Mbovu?*

Marahaba mwanangu. Si mbovu. Hii haijazwi kwa kitufe. Itikise taratibu, kisha ivae, mkono ndio utaijaza.

*Sekunde hazitembei mpaka nibonyeze. Kuna kitu kimetolewa?*

Hapana. Haina mshale wa sekunde wa kawaida, ule mrefu ni wa kronografu peke yake. Wengi wanauacha ukitembea kutwa, na klachi yake ya wima, kile kiungo kinachounganisha mshale huo na mashine, inastahimili hilo vizuri.

*Tarehe nabadilishaje?*

Sukuma kitufe ndani kidogo, tarehe inaruka. Sukuma hadi mwisho, siku ya wiki inaruka. Ila usifanye hivyo kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Wakati huo meno yameshashikana kubadilisha yenyewe, utayavunja.

*Kaka, imeandikwa mita 70. Naweza kuogelea nayo Bamburi?*

Mita 70 za mwaka gani? Mpira ule wa kuzuia maji una umri mkubwa kuliko wewe. Hata jasho la mechi usiioneshe.

*Nimeletewa ya njano, mgongo 6139-6002, namba inaanza na 74. Uso RESIST, akrabu nyeupe kabisa, alama za kahawia. Anataka bei ya "halisi".*

Mgongo ni wa Aprili 1977. Akrabu si zake. Muulize kwanza za zamani ziko wapi. Mafundi wengine wanazihifadhi kwenye kopo. Zikipatikana, nunua. Zisipopatikana, mpe bei ya saa isiyo na akrabu, kisha tuma picha ya ule ukingo wa chini, maana hujauonesha.