Kabla hujafunga simu kwenye dashibodi: holda yenye kivuli na mambo ya kuzingatia

Holda za simu zimejaa Kariakoo, na kwenye foleni ya Ubungo wamachinga wanakuletea mpaka dirishani. Siku hizi zipo na zenye kofia: bamba jeusi linalojitokeza juu ya kioo cha simu, nyingine zikiwa na mbawa mbili pembeni, ili jua lisikipige kioo moja kwa moja. Kwa dereva wa teksi mtandao anayeshinda barabarani, hiki ni kifaa cha kazi. Ramani isiyosomeka kwa sababu ya jua inamfanya ainame, akinge kioo kwa kiganja, au achomoe simu na kuishika mkononi. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Ukiinamisha macho kwa sekunde 2 tu umeshapita zaidi ya mita 30 bila kuiona barabara, na ndani ya mita hizo anaweza kuwepo bodaboda anayekatiza au mtoto wa shule aliyekwisha kanyaga kivuko.

Hata hivyo, usianze na kuchagua holda. Anza na mahali itakapokaa, na kazi hiyo ifanye kabla hujatoa hela. Ingia kwenye gari, kaa kama unavyokaa ukiwa safarini, mgongo kwenye kiti na mkanda umefungwa, halafu mwombe mtu akushikie simu sehemu mbalimbali za dashibodi. Unatafuta mahali ambapo unaiona kwa kuhamisha macho tu bila kugeuza kichwa, na unaigusa bila kuinua mgongo. Isizibe barabara wala kioo cha pembeni. Isizibe mita pia, na hapa wenye Vitz za matoleo mawili ya kwanza na wenye IST za mwanzo wawe macho zaidi, kwa sababu mita ya spidi kwenye magari hayo iko katikati ya dashibodi, palepale ambapo watu wengi hupenda kubandika holda.

Kisha tafuta maandishi ya SRS AIRBAG, yanayoonyesha ulipofichwa mfuko wa hewa unaokukinga gari likigonga. Yapo katikati ya usukani na kwenye dashibodi upande wa abiria, na magari mengine huwa nayo hata kwenye nguzo za pembeni za kioo cha mbele. Mfuko huo hufumuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na chochote kilichobandikwa juu ya kifuniko chake hurushwa usoni mwa aliyekaa hapo. Simu ya gramu 200 ikiwa na holda yake si kitu cha kupigwa nacho usoni. Mahali penye maandishi hayo paache, hata kama ndipo panapokaa vizuri zaidi.

Kona ya kulia, kati ya usukani na mlango, inavutia kwa sababu iko karibu na mkono. Lakini ndiyo kona iliyo karibu na dirisha lako, na kwenye foleni ya jioni dirisha likiwa wazi, kibaka anahitaji kunyoosha mkono mara moja tu. Kama unaendesha bila AC, sogeza simu upande wa kushoto wa usukani.

Sasa jua. Watu hununua kofia wakidhani tatizo ni jua la utosini, kumbe jua la saa sita paa la gari linalikinga kwa kiasi kikubwa. Linalosumbua zaidi ni la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa mlalo, na kila barabara ina yake. Anayetoka Mbezi kwenda Posta asubuhi kwa Barabara ya Morogoro anakwenda mashariki, jua liko usoni. Jioni akirudi magharibi, liko usoni tena. Katika hali hiyo mwanga haupigi kioo cha simu bali mgongo wake. Simu inaokwa kwa nyuma huku kioo chake kikionekana hafifu mbele ya mwanga mkali wa nje. Kofia haimsaidii sana huyu; kinachomfaa ni holda yenye bamba la nyuma lililoachana kidogo na simu. Anayefanya kinyume chake, asubuhi anatoka mjini kwenda Kibaha, jua liko mgongoni: linaingia kwa kioo cha nyuma na kutua moja kwa moja kwenye simu. Hapo pia kofia ya juu inashindwa, na dawa ni kiungo kinachokunjika vizuri ili uinamishe simu kidogo, mng'ao uelekee pengine. Mkazi wa Tegeta anayetumia Barabara ya Bagamoyo ana hali nyingine kabisa: asubuhi akishuka mjini jua liko kushoto kwake, na jioni akipanda kurudi nyumbani liko kushoto kwake vilevile. Huyu anahitaji mbawa, hasa ya kushoto, kuliko anavyohitaji paa.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chunguza siku moja njia yako ya kawaida na saa zako za kawaida, uone jua linakuingilia wapi. Anayezunguka mji mzima bila njia maalumu achukue holda yenye kofia na mbawa zinazokunjwa na kuondolewa, kwa sababu usiku zitakuwa mzigo tu.

Kofia yenyewe ikague mkononi. Iwe nyeusi isiyong'aa, ndani na nje. Kofia nyeupe au yenye kung'aa hurudisha taswira yake kwenye kioo cha mbele cha gari, ukaanza kuona umbo linaloelea mbele ya barabara. Hakikisha haizibi kamera ya mbele kama unafungua simu kwa uso, wala spika, wala tundu la chaja. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: kitambuzi cha mwanga kwa kawaida kiko juu ya simu, karibu na spika ya kusikilizia. Kofia ikikiweka gizani, simu iliyoachwa ijirekebishe yenyewe itapunguza mwanga. Mara nyingi hilo ni zuri, maana kioo kiko kivulini na mwanga mdogo unapunguza joto. Ila ukiona ramani imefifia kupita kiasi, zima urekebishaji huo na upange mwanga kwa mkono kabla ya kuondoka. Na kama unavaa miwani ya jua ya polaraizi, yaani ile inayokata mng'ao, ijaribu hapohapo dukani. Baadhi ya vioo vya simu huonekana vyeusi kabisa kupitia miwani hiyo vikiwa vimesimama, na vikilazwa vinasomeka, au kinyume chake. Holda isiyozunguka haitakufaa.

Kwangu joto lina uzito kuliko mng'ao. Apple wanaeleza kuwa iPhone imetengenezwa ifanye kazi mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na Dar es Salaam ya mwezi Februari inakaribia kikomo hicho hata kabla hujaingia ndani ya gari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanyika Arizona nchini Marekani wakati wa kiangazi, ulikuta dashibodi za magari yaliyoegeshwa juani kwa muda wa saa 1 zikiwa na wastani wa karibu nyuzi 69. Hapo ndipo wengi wetu tunaposimika simu, halafu tunaiwashia ramani, data na chaja kwa pamoja. Simu ikizidiwa huanza kwa kufifisha kioo, kisha husitisha kuchaji, kisha hutoa onyo na kukataa kazi, mara nyingi katikati ya safari ya mteja. Betri inayopikwa hivyo kila siku hupoteza uwezo mapema, na nyingine huvimba mpaka kioo kikainuka.

Kivuli kinasaidia, ila kivuli kisicho na hewa ni tanuri. Ukiona kofia iliyoungana na bamba la nyuma bila nafasi, iache. Kava nene la mpira nalo livue ukiwa kazini. Gari likiwa limeegeshwa juani kwa muda mrefu, fungua milango kwanza hewa itoke ndipo uweke simu. Simu iliyokwisha kupata moto usiiweke kwenye friji wala kuimwagia maji. Itoe juani, zima chaja, isubiri.

Ndiyo maana mimi napendelea holda ya kubana kwenye tundu la AC kwa mtu mwenye AC inayofanya kazi: simu inapulizwa ubaridi wakati wote. Ina masharti yake. Mapezi ya tundu hilo kwenye magari ya zamani ni ya plastiki iliyokwisha kukauka, na holda yenye kofia ina uzito unaovuta kwenda mbele. Yatikise kwa kidole kwanza. Yakicheza au yakilia, usibebeshe kitu. Matundu ya duara nayo hayashiki klipu nyingi za kawaida. Na ukiwasha hewa ya moto kwenye baridi ya Mbeya au Limuru, kumbuka simu iko mbele ya hiyo hewa.

Holda ya mpira wa kunyonya inahitaji sehemu laini. Dashibodi nyingi zina vipele, na mpira ukibandikwa juu ya vipele hewa huingia taratibu na jua humaliza kazi. Kwenye kioo cha mbele cha gari unashika vizuri, mradi uwe chini pembeni, nje ya eneo unalotazamia barabara. Safisha mahali hapo kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, hasa kama gari limetoka kupakwa mafuta ya kung'arishia dashibodi, kwa sababu juu ya mafuta hayo hakuna kinachoshika. Mpira uliojaa vumbi uoshe kwa maji ya uvuguvugu, uache ukauke wenyewe. Wa gundi hushika zaidi, lakini bandika asubuhi gari likiwa la baridi, usiweke simu mpaka kesho yake. Siku ukiiondoa huenda ikatoka na ngozi ya dashibodi. Za sumaku ni nyepesi kutumia, ila usiache kadi ya benki yenye mstari wa sumaku nyuma ya kava, na ukiona ramani inakuelekeza vibaya mkiwa mmesimama, jua dira ya simu inavurugwa.

Holda yoyote utakayochagua, ijaribu dukani na simu yako ikiwa ndani, si simu ya muuzaji. Itikise kwa nguvu. Kofia huongeza urefu na uzito, na holda iliyotulia bila kofia inaweza kuyumba ikivishwa. Mikono ya kubana isibonyeze vitufe vya pembeni. Waya wa chaja uwe mfupi, upite mbali na usukani na gia.

Bodaboda wasichukue ushauri huu wote kama ulivyo. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera za baadhi ya iPhone, hasa mfumo unaotuliza picha. Kwa pikipiki tafuta holda yenye mpira wa kupunguza mtetemo, na kofia yake iwe fupi, kwa sababu upepo huishika.

Holda haikupi ruhusa ya kuchati. Kenya, kwa mfano, kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linatembea. Andika mahali unapokwenda kabla ya kuondoka, washa sauti ya kuelekeza njia, pakua ramani ya eneo ili simu isihangaike kutafuta mtandao, na nyamazisha makundi ya WhatsApp. Ombi la safari likiingia na unahitaji kulisoma, paki.

Baada ya kufunga, zunguka mtaani bila abiria, upite kwenye matuta na kipande cha barabara ya vumbi, ufunge breki mara moja kwa nguvu mahali pasipo na gari nyuma. Simu ikidondoka au ikigeuka, mahali au holda haifai. Irudishe holda dukani risiti ikiwa bado mpya. Ikitulia, kaza skrubu zote tena baada ya wiki, kwa kuwa joto hulegeza plastiki. Na kila unapoegesha, toka na simu, na holda nayo ichomoe uiweke chini ya kiti, maana holda tupu kwenye kioo inamwambia mpita njia kwamba huenda simu imo ndani.